Kufunga ditekta ya rada kwenye boksi la fyuzi: usiamini chati, pima kwanza

Waya_Mwekundu:
Wakuu salama. Nafungua huu uzi maana hili swali linaibukia kwenye nyuzi za watu kila siku na jibu linaishiaga "peleka kwa fundi" basi. Kama una ditekta ya rada (kile kidude kinacholia kikisikia rada ya kupimia mwendo) afu umechoka na ile kebo ya kujikunja inayoning'inia toka kwenye soketi ya laita hadi kwenye kioo, unaweza kuilisha umeme moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi na waya wote ukapotea ndani ya dari. Sio kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuchagua fyuzi, na hapo ndo watu wengi wanachemka kwa sababu wanasoma chati iliyobandikwa kwenye kifuniko cha boksi wanaona imeandikwa ACC (yaani umeme wa kufuata swichi) wanachomeka wanaondoka.

Chati inakuambia jina la fyuzi tu. Haikuambii hiyo fyuzi inapata moto (yaani umeme) saa ngapi na inaachia saa ngapi, na chati moja mara nyingi inahudumia matoleo kibao ya gari hilohilo, kwahiyo unaweza kukuta nafasi imeandikwa kiti cha kupasha joto wakati gari lako hata hicho kiti halina.

Vifaa: multimita ya kawaida kabisa au testa yenye taa, fyuzi tapu (kile kishikizo chenye miguu miwili kinaingia kwenye tundu la fyuzi, juu kina nafasi mbili za fyuzi na mkia wa waya), kebo ya kufungia ya ditekta yako, kituo cha duara (kile kipete cha chuma cha mwisho wa waya) cha kubania athi, yaani waya hasi wa kwenye bodi, na kitu cha plastiki cha kubandulia kava maana bisibisi itakuachia makovu kwenye dashibodi.

Kwa ufupi kazi iko hivi. Unapima mpaka unapata fyuzi inayowaka ukiwasha swichi na kuzima ukizima. Unaitoa, unaichomeka kwenye nafasi ya chini ya tapu, ile iliyo karibu na miguu. Nafasi ya juu unaweka fyuzi ndogo ya ditekta, 2A inatosha kabisa, ditekta nyingi zinakula kama robo ampea hivi au zaidi kidogo. Waya wa moto unaungwa kwenye mkia wa tapu, waya mweusi unaenda kwenye nati iliyoshikwa na chuma tupu cha bodi. Afu unapitisha waya juu. Basi.

Fyuzi za kuacha kabisa hata kama zimekaa vizuri na zinafikika: eabegi, ABS, usukani wa umeme, kompyuta ya injini, pampu ya mafuta. Hizo sio za kuchokonoa kwa ajili ya kidude cha kulia bip bip. Za kuangalia ni soketi ya laita yenyewe, redio, waipa ya nyuma, dirisha la dari, viti vya kupasha joto.

Maswali karibuni.

Gia_ya_Tatu:
Mkuu mbona unajitafutia kazi, soketi ya laita ipo kwa ajili ya hayo hayo. Unachomeka, unaendesha, ukifika unachomoa unaweka kwenye droo. Na mwizi haoni waya.

Waya_Mwekundu:
Ukiwa unachomoa kila siku sawa. Ila kuna magari soketi yake haizimi kabisa hata ukitoa funguo, ukisahau unaikuta ditekta inawaka asubuhi. Na kwenye soketi huwa nachaji simu.

Afu ile plagi ya laita inashikwa na springi tu, kwenye barabara mbovu inaruka, ditekta inajizima na kuwaka, kila ikiwaka inaimba ule wimbo wake wa kujipima. Ukisafiri safari ndefu utaichukia.

FundiKimya:
Uzi mzuri. Kuna kitu kimoja mleta mada umekiruka na ndo kikubwa kuliko vyote: fyuzi tapu ina upande. Watu wanaichomeka vyovyote inavyoingia, ditekta inawaka, wanashangilia.

Ukitoa fyuzi kwenye boksi unabaki na vitundu viwili. Kimoja kinaleta moto toka kwenye betri, kingine kinapeleka moto kwenye kifaa. Washa swichi, bana klipu ya testa kwenye chuma cha bodi, gusa kitundu cha kwanza afu cha pili. Kitakachowasha taa ndo kinacholeta moto, kingine kitakaa kimya. Sasa geukia tapu yako. Ina miguu miwili, mguu mmoja unalisha fyuzi zote mbili na mguu mwingine unahudumia fyuzi ya chini tu. Ule unaolisha zote mbili ndo uingie kwenye kitundu chenye moto.

Ukigeuza, moto unaingia kwanza kwenye fyuzi ya zamani, unapita, ndo unarudi kupanda kwenye fyuzi ya ditekta. Maana yake fyuzi ya zamani sasa inabeba mizigo miwili. Kwa ditekta inayokula robo ampea hutaona tatizo leo, sikatai. Ila siku utakapoongeza kamera na chaja kwenye mkia huohuo, fyuzi ya waipa itakata katikati ya mvua na hutajua imetokea wapi.

Kujua mguu upi ni upi usibahatishe kwa macho. Weka multimita kwenye ule mlio wa kupima mawasiliano, acha fyuzi ya juu tu kwenye tapu, gusa ncha ya mkia na mguu mmoja mmoja. Mguu utakaolia ndo unaoingia upande wa moto.

Waya_Mwekundu:
Hii naipandisha juu kabisa. Asante fundi, madini haya. Na kwa wenye tapu ambayo ikigeuzwa haifungi kwa sababu mkia unagonga ukuta wa boksi, kuna zinazouzwa mkia ukiwa umetoka upande wa pili, au tafuta fyuzi nyingine yenye nafasi.

mtoto_wa_gereji:
nyie mnazunguka sana, waya unauchuna inchi moja unaukunja kwenye mguu wa fyuzi unaisukuma ndani inabana yenyewe, nishafunga redio ngapi kwa staili hiyo na zinapiga mpaka leo

FundiKimya:
Dogo, hiyo ndo kazi ya fundi maiko yenyewe. Vile vitundu ndani vina ulimi wa chuma wa springi uliotengenezwa kubana unene fulani wa mguu. Ukiingiza mguu na waya umeutanua ulimi. Siku unatoa ule waya, fyuzi inakaa imelegea, inashika kidogo, panapolegea panapata joto, plastiki inayeyuka. Unaanza na redio unaishia kutafuta boksi zima la fyuzi.

La pili, huo waya wako unalindwa na nini? Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Ukibana waya mwembamba wa ditekta kwenye fyuzi ya 20A, ukichunwa mahali ukagusa chuma, waya utawaka kama nyuzi ya balbu kabla ile 20A haijafikiria kukata. Na kama umeubana upande wa moto basi hata hiyo 20A haipo, kinachofuata juu ni fyuzi kubwa ya boksi zima.

mtoto_wa_gereji:
sawa fundi nimekuelewa hiyo ya pili. tapu zipo saizi ngapi maana niliyonayo hapa mguu wake mpana hauingii kabisa

FundiKimya:
Fyuzi za bapa ziko familia kadhaa na ndo maana watu wananunua mara mbili. Kuna ya kawaida kubwa, kuna mini, kuna mini fupi ambayo miguu yake karibu yote imefichwa ndani ya plastiki, kuna Micro2 nyembamba yenye miguu imesogeleana, na Micro3 yenye miguu mitatu. Toa fyuzi yenyewe uende nayo ukailinganishe kwa mkono, usitaje jina la gari tu. Mini na mini fupi zinakaribiana sana upana, watu wanazichanganya.

Rangi zinasaidia kujua ampea: kijivu 2, zambarau 3, kahawia mpauko 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe ya kuona ndani 25, kijani 30. Ila soma namba iliyochapwa juu, rangi ni ya kuharakisha tu.

Mama_Klachi:
Habari zenu. Mimi nimefika kwenye kupima nikakwama. Fyuzi ya soketi ya laita inawaka nikiwasha swichi, sawa. Nikizima inaendelea kuonyesha 12.5. Nimetoa na funguo bado. Ya redio vilevile, ya vioo vilevile. Ina maana gari langu halina fyuzi inayozima? Au multimita yangu imechoka?

Waya_Mwekundu:
Dada multimita haina kosa. Magari mengi ya sasa yanaacha baadhi ya vitu na moto baada ya kuzima ili umalizie kupandisha kioo au wimbo, afu yanakata ukifungua mlango wa dereva, au dakika kadhaa zikipita, au ukilifunga kwa rimoti. Kwahiyo kupima kwa kuzima swichi tu haitoshi.

Fanya hivi: acha ncha za multimita zimeshika, au tumia waya mrefu utoe multimita nje upitishe kwenye upenyo wa dirisha. Zima, toka, funga milango, loki kwa rimoti, kaa pembeni uangalie. Gari haliendi kulala papo hapo, kompyuta zake zinazima moja moja, mengine yanachukua hata nusu saa. Ukiona 12.5 imeshuka ikakaa karibu na sifuri, hiyo fyuzi ni halali yako. Isiposhuka hiyo ni ya moto wa kudumu, iache.

Na usichungulie kwa kufungua mlango kila dakika, ukifungua umeliamsha upya unaanza kuhesabu tena.

Mama_Klachi:
Kumbe. Ngoja nifanye hivyo jioni nitaleta mrejesho.

KijitiChaGia:
Mbona hamsemi njia ya kioo cha kati? Kama kioo chako cha kuangalia nyuma ni kile kinachofifia chenyewe usiku, kina plagi ya waya nyuma yake, na kwenye hizo waya kuna wa moto unaofuata swichi na kuna athi. Kuna kebo fupi zinauzwa za kuchomoa hapo. Haigusi boksi la fyuzi, waya wenyewe shubiri mbili, umemaliza.

Waya_Mwekundu:
Ni njia safi na ditekta yenyewe inakaa palepale juu. Masharti yake mawili. Pima waya kwanza usifuate rangi uliyosoma mahali, rangi zinabadilika toleo hadi toleo. Na weka fyuzi ndogo kwenye huo waya kama kebo haina yake, maana fyuzi inayolinda kioo huenda inalinda na vitu vingine vingi na ni kubwa kuliko huo waya mwembamba.

Na isiwe ya kamera inayokula zaidi. Kwa ditekta tupu haina neno.

Shaba_Tupu:
Nyie mnaongelea moto tu, athi mmeipitia juu juu. Nusu ya matatizo ya vifaa vya kuongeza ni athi. Mtu anabana kwenye skrubu ya plastiki, au kwenye bolti iliyopakwa rangi nene, anapata umeme wa kuyumba afu analaumu ditekta.

Tafuta bolti inayoingia kwenye chuma cha bodi chenyewe, karibu na boksi, legeza, kwangua rangi pale kituo cha duara kitakapokaa mpaka uone chuma kinang'aa, bana. Halafu pima: ncha moja kwenye hiyo bolti, nyingine kwenye upande wa chanya wa fyuzi yoyote yenye moto, inapaswa kusoma karibu sawa na betri. Ikisoma chini ya betri kwa volti nzima, hiyo sio athi hiyo ni pambo.

Usitumie bolti inayoshika moduli ya eabegi wala kitu chochote cha mkanda. Waya zenye kava la njano karibu na hapo zikwepe.

TaaZaHazadi:
Naongezea hapo kwenye njano maana mleta mada kasema "unapitisha waya juu" kana kwamba ni kamba ya kuanikia. Gari lenye eabegi za pazia, ile inayoshuka pembeni ya kichwa, huwa imekunjwa ndani ya dari na inateremka mpaka kwenye nguzo ya mbele chini ya kava. Ukipitisha waya wako mbele ya huo mfuko, siku ukilipuka unakuwa umeweka kizuizi kwenye njia yake na waya wenyewe unaweza kurushwa usoni.

Waya upite nyuma ya mfuko, ukumbatie ule mtandao wa waya wa kiwandani unaopanda kwenye nguzo, ufungwe kwa kamba za plastiki pamoja nao kila baada ya kiganja. Hutoi kava kwa kulivuta kwa hasira pia, mengi yana klipu yenye mkia wa kuzuia kava lisiruke eabegi ikifunguka, ukikata huo mkia badilisha klipu. Na kabla ya kugusa huko kabisa chomoa betri usubiri dakika kadhaa, mfumo wa eabegi una akiba ya umeme ndani yake.

Kama hujiamini, usipande na nguzo. Pitisha kwenye mpira wa mlango, toka chini mpaka juu ya kioo, unasukumia kwa ncha ya plastiki. Kazi yake nzuri tu, ila hakikisha mlango ukifungwa haubani waya.

Waya_Mwekundu:
Kweli kabisa, niliandika kwa haraka. Mtu afuate ya TaaZaHazadi.

Kilomita_Sifuri:
Samahani kuwatoa kwenye reli. Hiki kidude si marufuku?

KijitiChaGia:
Inategemea ulipo. Ufaransa na Uswisi hairuhusiwi, Ujerumani dereva haruhusiwi kukitumia barabarani. Marekani gari binafsi sehemu kubwa ruksa, ila jimbo la Virginia na Washington DC hapana, na malori makubwa ya biashara hairuhusiwi nchi nzima. Kanada mikoa mingi imekataza. Soma sheria ya unakoendesha kabla hujabandua kava, maana kilichofungwa kwa waya ndani ya dari huwezi kukificha kwenye droo ukifika mpakani.

Gia_ya_Tatu:
Hehehe ndo maana nikasema laita.

Waya_Mwekundu:
Hapo umenipata mkuu 😀. Ila ukiacha plagi ya juu ichomoke, ditekta yenyewe unaweza kuitoa. Waya peke yake haupokei rada.

Na watu wasiifanye mungu. Inasikia rada inayorusha mawimbi: bendi ya X kwenye 10.525 GHz, K kwenye 24.150, Ka kuanzia 33.4 hadi 36. Kamera inayopima kwa vitambuzi vilivyozikwa kwenye lami, au zile mbili zinazosoma namba yako ukipita hapa na ukipita kule zikapiga hesabu ya mwendo, hazirushi kitu cha kusikiwa. Na bunduki ya leza ikikulenga ditekta inalia wakati namba imeshasomwa.

Halafu K sasa hivi imejaa kelele, magari mengi yana vitambuzi vya pembeni kwenye 24 GHz, ukifuatana nayo kwenye foleni ditekta inalia mpaka unaizima mwenyewe.

Tairi_Kumi:
Mimi naendesha lori, hapa kote naona 12. Yangu ni 24 naweza kufuata huu uzi?

FundiKimya:
Usichomeke! Soma nyuma ya ditekta au kwenye kebo. Imeandikwa 12V tu ukiipa 24 umeichoma. Kuna adapta nyingi za USB zinazopokea 12 hadi 24, lakini ditekta nyingi ni 12 tupu. Utahitaji kishusha volti toka 24 kwenda 12, kikae baada ya fyuzi. Na usifanye ule ujanja wa kuchukua betri moja kati ya mbili, moja itakuwa inachoka peke yake na nyingine inachajiwa kupita kiasi.

Na kwa lori soma tena post ya KijitiChaGia.

Bumpa_Laini:
Wakuu, mimi nataka kamera ya dashibodi kwenye mkia huohuo, iwe inarekodi hata nikipaki. Sasa hiyo si inahitaji moto wa kudumu? Betri haitakufa?

Waya_Mwekundu:
Hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Kiti ya kamera (seti ya kuifungia, sio kiti cha kukalia) huwa na waya tatu: moto wa kudumu, moto wa swichi, na athi. Wa swichi unaiambia kamera gari limezimwa ingia kwenye ulinzi, wa kudumu ndo unaolisha. Maana yake tapu mbili kwenye fyuzi mbili tofauti, na ditekta inabaki kwenye ule wa swichi.

Betri: tuseme kamera inakula watti 5. Kwenye betri ya 12 pamoja na hasara ya kishusha volti ni kama 0.45A. Betri ya 60Ah kwa karatasi inaipa saa zaidi ya 130. Ila betri ya kupigia stata hutaki ishuke chini ya nusu, kwahiyo kata, baki na 65 hivi, na kama betri ni kuukuu au kuna baridi kali kata tena. Gari lisipowashwa tangu ijumaa jioni usishangae jumatatu likikohoa tu.

Ndo maana kiti inayofaa ina kikata umeme, unachagua 11.8, 12.0, 12.2, 12.4. Watu wanachagua 11.8 ili irekodi muda mrefu. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma kama 12.6, kwenye 12.0 imeshabaki robo hivi. Weka 12.2 au 12.4 ulale usingizi.

Shaba_Tupu:
Na kuna kiti za bei chee zinazojifanya hazihitaji waya wa swichi, zinabashiri gari linatembea kwa kuangalia volti ikipanda juu ya 13. Kwenye gari lenye alteneta janja inayopunguza chaji ukiwa barabarani ili kuokoa mafuta, volti inashuka kamera inadhani umepaki. Nunua ya waya tatu.

Haibridi na za umeme nazo zina betri ya 12V, fyuzi zake ni hizihizi, ila betri hiyo mara nyingi ni ndogo kwahiyo hesabu ya hapo juu inabana zaidi. Waya wa kava la machungwa usiuguse hata kwa kuupapasa.

Sikio_la_Kulia:
Nimefunga kamera wiki iliyopita, toka hapo redio ya FM inaunguruma stesheni za mbali na ditekta imekuwa inalia ovyo. Nikichomoa kamera kimya. Kiti mbovu?

FundiKimya:
Kishusha volti kinachotoa 12 kwenda 5 kinafanya kazi kwa kukata na kuwasha umeme kwa kasi sana, cha hovyo kinatapakaza kelele. Na waya wake ukilala sambamba na waya wa antena kwenye nguzo ndo umemaliza. Sogeza waya upande wa pili wa gari, kile kiboksi cha kiti kikae chini kwenye dashibodi sio juu darini, bana shanga za feraiti (vile vipete vya kuzima kelele za umeme) kwenye waya karibu na kamera na karibu na kiboksi. Kamera na ditekta zisibanane kwenye kioo, ziache nafasi. Ikigoma badilisha kishusha volti.

Angalia na kioo chenyewe. Kioo chenye utando wa chuma wa kuzuia joto kinameza mawimbi ya rada, huwa kinaachwa sehemu isiyo na utando karibu na kioo cha kati. Ditekta ikae hapo.

Sikio_la_Kulia:
Asante, waya kweli nimeupitisha pamoja na wa antena. Nahamisha.

Mama_Klachi:
Mrejesho. Nimepitisha waya wa multimita dirishani nikaloki. Soketi ya laita haikushuka kabisa, hiyo ni ya kudumu kumbe. Ya vioo ilikata nilipofungua mlango. Ya redio ilichelewa, ilikaa na 12.5 nikataka kukata tamaa, baadae ikaporomoka ikasoma 0.02. Kwenye chati laita ndo imeandikwa ACC 😅

Kuna nafasi moja pia tupu haina fyuzi, upande mmoja una moto swichi ikiwashwa na ukizima unakufa palepale. Naweza kutumia hiyo?

FundiKimya:
Umefanya kazi nzuri kuliko wengi wa gereji. Ndio, nafasi tupu yenye moto upande mmoja ni nzuri sana, humpunguzii mtu yeyote. Chungulia kwanza kama vitundu vyote viwili vina chuma ndani, vingine ni plastiki tupu na tapu haitashika. Mguu unaolisha fyuzi zote mbili uingie upande wenye moto, nafasi ya chini ya tapu iache wazi, ya juu weka 2A.

Mama_Klachi:
Vyote vina chuma nimemulika. Nimeshachomeka, ditekta imewaka, imezima na swichi. Ila nikipiga stata inajizima sekunde moja inawaka upya, ni kawaida?

FundiKimya:
Kawaida, saketi nyingi za swichi zinakatwa wakati stata inazunguka ili betri yote iende huko.

Ukitaka kuhakikisha hakuna kinachovuja usiku, usitoe fyuzi. Weka multimita kwenye milivolti, gari likiwa limelala gusa vile vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi juu ya kichwa cha fyuzi ya 2A. Ikisoma sifuri hakuna umeme unaopita. Ikisoma milivolti chache kuna kitu kinakula.

Mama_Klachi:
Sifuri. Kifuniko cha boksi sasa ndo hakifungi, tapu imekaa juu sana.

Waya_Mwekundu:
Usikisukume kwa nguvu kitaikandamiza tapu ilegee. Tafuta tapu fupi zaidi ya aina hiyohiyo, au kama boksi liko ndani chini ya dashibodi acha kifuniko kikae kwenye droo, sio lile la kwenye injini linaloingia maji. Mkia wa tapu ufunge na kamba ya plastiki kwenye waya za pembeni usiwe unacheza.

Mama_Klachi:
Ni la ndani. Haya, nafunga mkia narudisha kava.